Kuandaa onyesho la rege ya roots katika ukumbi wa zamani wa mtaa, hapa Mbeya

Mwongozo huu ni wa mwenye bendi, au mpenzi wa rege asiye na bendi, anayetaka kufanya onyesho la roots, yaani rege ya asili yenye ujumbe wa Kirasta, kwenye ukumbi wa zamani wa mtaa badala ya baa au uwanja wa mpira. Nimeshughulika na maonyesho ya namna hii kwa miaka, na kabla ya hatua zenyewe niseme ninachokiamini: ukumbi ndicho chombo cha kwanza cha bendi. Wengi huanza na mabango na jina la msanii, ukumbi wanakuja kuushughulikia siku yenyewe saa nane mchana. Matokeo yake besi inanguruma kama lori linalopanda mlima Kitonga, maneno ya mwimbaji yanayeyuka darini, na aliyelipa kiingilio anarudi nyumbani akisema rege ni makelele. Roots ni muziki wa maneno na besi. Vikipotea hivyo viwili hujamfanyia mtu chochote.

Kumbi zetu nyingi za zamani zimefanana: kuta nene za matofali, sakafu ya saruji, bati juu ya kenchi za mbao, jukwaa la mbao upande mmoja, milango miwili au mitatu. Zimeona dansi, ngonjera, ndondi, kwaya, mikutano ya chama na harusi zisizo na idadi. Kila kilichopita humo kimeacha alama, na wewe unatakiwa uzisome.

Hatua ya kwanza: nenda kwa mtunza ukumbi

Usianzie ofisini. Anzia kwa mzee mwenye funguo. Nakumbuka mara ya kwanza nilipokwenda kwenye ukumbi mmoja wa hapa mjini:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya harusi?"

"Hapana, mzee. Muziki. Tunataka kupiga rege."

Akanyamaza kidogo. "Ya wale wenye nywele ndefu?"

"Hao hao, mzee."

"Basi njoo kwanza nikuonyeshe ubao wa tatu kule jukwaani. Mpiga ngoma wa dansi alitumbukia mguu pale."

Mwenye mali aliyesaini mkataba asingeniambia habari ya ubao ule. Mtunza ukumbi anajua wapi mchwa wamekula, wapi panavuja, fyuzi gani hukatika taa zote zikiwashwa, na nyumba ya jirani ipi ina mgonjwa. Muulize yote hayo ukiwa umetulia, na uandike.

Nenda na futi kamba, tochi na testa ya umeme. Pima urefu, upana na kimo. Simama katikati, piga kofi moja tu kwa nguvu, sikiliza. Kofi likikatika palepale, una bahati. Likirudi kama mtu mwingine amepiga la kwake kwenye ukuta wa nyuma, una kazi ya kufanya, nitaieleza mbele. Jukwaani waweke watu wanne waruke pamoja, kwanza katikati, kisha pembeni. Spika moja ya besi inaweza kuwa na uzito wa gunia la mahindi; ubao unaolia kwa miguu ya watu hautaibeba. Mbao za paina za kubadilishia hazina shida kupatikana kwetu, misitu ya Sao Hill iko Nyanda za Juu hizihizi.

Kuta za zamani usizitoboe. Kila kitu kifungwe kwa kamba kwenye nguzo na kenchi, au kisimame kwa miguu yake. Na kama jengo limetangazwa rasmi kuwa la kumbukumbu, hata kupaka rangi kunahitaji ruhusa ya wahusika wa mambo ya kale.

Hatua ya pili: chagua tarehe kwa kutazama mawingu

Kila mtu anataka tarehe 6 Februari, siku aliyozaliwa Bob Marley mwaka 1945. Kwa Kingston, kule Jamaika, ni tarehe nzuri. Kwa Mbeya ni katikati ya masika yetu, na mvua ya Mbeya ikishuka juu ya bati hakuna spika itakayoishinda. Mimi napendelea 11 Mei, siku aliyofariki mwaka 1981, au Jumamosi iliyo karibu nayo. Mvua zinakuwa zimeisha au zinamalizikia, na ile baridi ya Juni na Julai ya kumfanya mtu aondoke saa mbili usiku akafuate blanketi bado haijashika. Tarehe 25 Mei, Siku ya Afrika, nayo inafaa sana kwa muziki huu. Septemba ni nzuri pia. Angalia kalenda ya Ramadhani na Kwaresima, na mwaka wa uchaguzi uwahi, kwa sababu kampeni hula kumbi zote.

Anza saa kumi jioni, maliza saa nne usiku. Watu wa kesho ibadani watakushukuru.

Hatua ya tatu: vibali

Anza mwezi mmoja na nusu kabla. Barua ya mwenye ukumbi, kisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtendaji wa kata, afisa utamaduni wa halmashauri, halafu polisi wa wilaya. Zimamoto waite waje waukague ukumbi. Usisubiri waje wenyewe. Wasanii wawe wamesajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na kama kuna mgeni kutoka nje ya nchi, kibali chake BASATA na utaratibu wa Uhamiaji uvianze mapema kuliko vyote. Kama bendi itapiga nyimbo za watu wengine, anzia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wakuelekeze leseni ya kutumia muziki hadharani. Kila malipo yawe kwa kumbukumbu namba ya serikali, na kila karatasi toa nakala tatu.

Kwenye barua ya maombi, eleza rege ni nini. Afisa anayesoma huenda anajua picha moja tu ya Rasta, na si nzuri. Andika kwamba mwaka 2018 UNESCO iliingiza rege ya Jamaika katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Sentensi hiyo moja imenifungulia milango. Na la bangi liseme wewe kabla hujaulizwa. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haina mlango wa pembeni kwa ajili ya onyesho la muziki. Andika kwamba haitaruhusiwa ndani wala uani, bandika tangazo getini, na msemaji alitamke jukwaani. Kijana mmoja akikamatwa uani, ukumbi unafungwa kwa rege yote, na wanaoumia ni wapigaji waliofanya mazoezi miezi mitatu.

Hatua ya nne: umeme

Hapa naomba usiruke mstari.

Plagi ya kawaida ya ampea 13 kwenye volti 230 inabeba takriban wati 3,000. Andika kila kifaa na wati zake: amplifaya za spika, amplifaya za gitaa, kinanda, mixa, taa, na lile birika la umeme la mama wa chai ambalo hakuna anayelikumbuka mpaka linapozima onyesho. Jumlisha. Kisha fungua kibao cha ukumbi pamoja na fundi umeme mwenye leseni, mtazame nyaya zenyewe. Waya wa zamani ambao mpira wake umekuwa mgumu na kupasuka kama udongo mkavu usitumike kwa vyombo hata kama "huwa unawaka tu".

Mara nyingi utakodi jenereta. Zidisha KVA zake, kile kipimo cha nguvu kilichoandikwa juu yake, kwa 0.8 upate kilowati: jenereta ya KVA 20 ni kilowati 16. Usiibebeshe zaidi ya robo tatu ya hizo, yaani 12. Na hapa kwetu punguza tena. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini haitoi nguvu yote iliyoandikwa kwenye kibati chake. Jenereta iliyotosha Dar es Salaam inaweza kukohoa hapa besi ikigonga.

Jambo la tatu nililijua kwa uchungu. Kwenye onyesho letu moja, mixa ilikuwa kwenye jenereta na amplifaya ya gitaa ilikuwa kwenye plagi ya ukutani, plagi ya zamani isiyo na waya wa ardhini. Mwimbaji alishika nyuzi za gitaa kwa mkono wa kushoto, akasogeza mdomo kwenye maiki. Nilisikia mlio mfupi, kama kijiti kinavunjika, nikamwona amerudi hatua mbili nyuma, mkono umefunga ngumi bila yeye kutaka. Mungu alimsaidia, aliishia kuungua mdomo. Tangu siku ile vyombo vyote vya jukwaani vinakula umeme wa chanzo kimoja, chenye waya wa ardhini uliopimwa. Taa za ukumbi na birika ndivyo vinaweza kubaki kwenye umeme wa jengo. Na kabla mwimbaji hajagusa maiki, fundi anapima kwa mita kati ya maiki na nyuzi za gitaa. Ikionyesha volti, hakuna anayepiga.

Hatua ya tano: ufundishe ukumbi kusikiliza

Kwenye rege ya roots, ile ya mtindo wa "one drop", dramu kubwa inaangukia pigo la tatu kati ya manne. Pigo la kwanza linaachwa wazi. Ile nafasi tupu ndiyo inayomfanya msikilizaji apumue, na ndani yake besi inatembea na kuongea. Sasa fikiria ukumbi wa saruji na bati: mlio wa pigo la tatu unazunguka kuta na kurudi, unaijaza nafasi iliyoachwa wazi. Bendi imenyamaza lakini jengo linaendelea kupiga. Kazi yako yote ya sauti ni kulinda ule ukimya.

Kwa sauti za juu, yaani maneno, matoazi na ule mkwaruzo wa gitaa la rizimu, mablanketi mazito yanatosha. Yaning'inize kwenye ukuta wa nyuma unaotazamana na jukwaa, yakiwa mbali na ukuta kwa shibiri moja, si kubandikwa. Hewa iliyo nyuma ya blanketi inasaidia kuishika sauti. Yasizibe mlango, yasiguse taa.

Besi haijali blanketi. Uzi mzito wa gitaa la besi hutetema karibu mara 41 kwa sekunde, na kwa mwendo wa sauti wa takriban mita 340 kwa sekunde, wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita nane. Kumbi zetu nyingi zina upana wa mita nane mpaka kumi na mbili. Wimbi linagonga ukuta na kukutana na lenzake, mahali pengine yanajazana, pengine yanauana. Ndiyo maana aliyekaa ukutani anatikisika kifua na aliyesimama katikati anauliza mpiga besi yuko wapi.

Fanya hivi. Spika za besi usiziweke kwenye kona mbili za jukwaa. Kona huzidisha mvumo. Zikusanye pamoja katikati, sakafuni mbele ya jukwaa. Mwambie mpiga besi apige noti moja moja, polepole, kutoka chini kwenda juu, kila moja aiache ife yenyewe, huku wewe ukitembea ukumbi mzima. Noti inayovimba iandike, fundi mitambo aipunguze hiyo tu kwenye ikwalaiza, asiikate besi yote. Kwenye kona za nyuma pangeni marobota ya mitumba. Nina rafiki mfanyabiashara wa soko la Mwanjelwa ambaye huniazima sita kwa usiku mmoja. Si muujiza, lakini yanaumeza mvumo kiasi cha kusikika. Yakae mbali na taa na njia ya kutokea.

Wakati wa zoezi hilohilo utasikia vitu vinavyolia vyenyewe. Ukumbi mmoja ulikuwa na dirisha ambalo kila mpiga besi alipogusa noti ya A, kioo kimoja kiliimba kama nyuki ndani ya chupa. Noti zote nyingine kimya, ile tu. Tulikunja kipande cha boksi, tukakisukumia pembeni ya fremu, na nyuki akanyamaza. Misumari ya bati iliyolegea nayo itajitaja. Panda, igonge.

Halafu panga sauti kwa mpangilio huu: besi na dramu kubwa kwanza mpaka ziwe kitu kimoja, kisha dramu nyingine, kisha gitaa la rizimu na kinanda vikigonga katikati ya mapigo, halafu waimbaji, na waitikiaji wasikike kama watu watatu, si ukungu. Mwangwi wa mashine fundi auzime. Ukumbi tayari unao wa kwake. Ule wa mashine autumie tu mwishoni mwa mstari, neno moja lirushwe liende, kama walivyofanya mafundi wa dabu, ile rege inayochezewa kwa mitambo, kule Jamaika. Katikati ya mstari aache mikono mfukoni.

Kipimo cha ukubwa wa sauti sikitafuti kwenye simu. Nakwenda mlangoni mwa nyumba ya jirani wa karibu. Nikisikia kwamba kuna muziki, sawa. Nikisikia maneno ya wimbo neno kwa neno, tumezidisha. NEMC, baraza la mazingira, nao wana viwango vya kelele, na malalamiko huanzia mlango huohuo.

Hatua ya sita: ngoma na ratiba

Fungua na ngoma za nyabinghi, zile za ibada ya Kirasta, bila umeme wowote. Ni tatu: besi, funde na ripita. Besi inatoa pigo zito, funde inashika mapigo mawili ya moyo, ripita inaongea juu yake. Baridi ya hapa ina tabia yake: ngozi ikikaa kwenye hewa yenye unyevu jioni nzima hulegea, ukipiga inatoa mlio wa debe lenye maji. Jiko la mkaa liwekwe uani, hewani, ngoma zipashwe taratibu, mkono wa mpigaji ukiwa juu ya ngozi kupima joto. Dakika kumi, na ukigonga kwa kidole inajibu. Jiko lisiingie kwenye chumba cha wasanii hata kukiwa na baridi ya namna gani. Moshi wa mkaa usioonekana umeua watu wakiwa usingizini. Magitaa nayo yapangwe upya sauti watu wakishajaa, kwa sababu ukumbi unapata joto na nyuzi zinashuka.

Viongozi wa mtaa waongee dakika tano, mwanzoni. Wazee waliowahi kucheza dansi kwenye ukumbi huo wapewe mabenchi ya mbele pembeni, mbali na spika. Watu wataomba nyimbo za Lucky Dube wa Afrika Kusini. Mpeni nafasi yake, wimbo mmoja, labda miwili, maana Nyanda za Juu zimempenda kama ndugu tangu zamani. Lakini usiku uwe wa nyimbo zenu. Justin Kalikawe na Jah Kimbuteh walikwishaonyesha kwamba rege inakaa vizuri kinywani mwa Mtanzania. Imbeni bei ya mbolea, imbeni mto uliokauka. Na kwa kuwa tupo mpakani, mwalikeni mtu wa Malawi kupitia Kasumulu. Nchi iliyotoa Evison Matafale na bendi yake ya Black Missionaries ina rege nzito.

Chakula kiwe cha kumheshimu Rasta: maharage, wali wa Kyela, ndizi na parachichi za Rungwe, bila nyama, chumvi pembeni. Chai ya tangawizi iwe nyingi.

Hatua ya saba: matangazo na mlango

Redio za hapa, gari la matangazo siku mbili sokoni na stendi, makundi ya WhatsApp ya mitaa. Inatosha.

Mlango haufai kufikiriwa dakika ya mwisho. Hesabu eneo la kusimama baada ya kutoa jukwaa, mixa na njia, kisha weka watu wawili kwa kila mita moja ya mraba, si zaidi. Ukumbi wenye mita 150 zilizobaki ni watu 300, hata kama nje wamesimama mia nyingine. Usiku wa kuamkia 18 Aprili 1980, Bob Marley alipopiga katika uwanja wa Rufaro siku Zimbabwe inapata uhuru, waliobaki nje walisukuma waingie, polisi wakafyatua mabomu ya machozi na moshi ukafika mpaka jukwaani. Kwa hiyo tiketi zikiisha, mtu mwenye sauti ya upole asimame nje kuwaambia, na mabaunsa wakae nyuma yake. Milango yote ya kutokea iwe haina kufuli, na kwenye kila mmoja awepo mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu. Namba ya zimamoto, 114, ibandikwe getini. Bajaji ongea nao mapema wawepo saa nne usiku, hasa kwa dada zetu wanaorudi Uyole na Iyunga.

Hatua ya mwisho: asubuhi yake

Rudi Jumapili asubuhi, wewe mwenyewe, pamoja na wapigaji. Fagieni ndani na uani, teremsheni mablanketi, rudisheni marobota Mwanjelwa kabla mwenyewe hajayauliza. Pita nyumba mbili tatu za jirani, usalimie, uulize usiku walilalaje, na usikilize jibu. Ukikuta kuna mtoto hakulala, andika, onyesho lijalo spika zielekee upande mwingine. Mlipe mtunza ukumbi kilicho chake na ongeza cha ubao, maana ule ubao wa tatu unatakiwa kubadilishwa kabla ya harusi ya Jumamosi ijayo. Mkishaupigilia, mtafute mzee umkabidhi funguo mkononi, usimwachie mtoto.